Kwa Kila Mia, Ongeza Kumi na Tano

Watu wa mtaa wetu wa Kasenga, Uvira, waliokuwepo miaka ile bado watakuambia kwamba fundi yule ndiye aliyetaka kutuua njiani. Ndivyo mume wangu alivyowaambia, na mume wangu alikuwa mwalimu, neno lake halikurudishwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mtoto mgongoni, nikasikia, nikanyamaza. Sasa mwalimu amelala chini ya udongo, na mimi nimebaki na meno manne. Nitasema. Anayetaka kunicheka anicheke.

Gari lilikuwa la Mbelgiji mmoja wa pamba. Mwaka wa uhuru alifunga masanduku mawili, akampa mume wangu ufunguo, maana ndiye aliyewafundisha watoto wake hesabu, akavuka mpaka bila kugeuka nyuma. Basi na sisi tukawa watu wa gari. Lilikuwa na rangi ya maziwa na viti vyekundu, na harufu ya sigara za mzungu haikutoka hata nilipovisugua kwa sabuni. Jumapili tulikwenda nalo kanisani, mwendo wa kutupa jiwe, na wanawake wenzangu waliotembea kwa miguu waliniita Madamu kwa kunikejeli. Nisiseme uongo, hata kejeli ile ilininogea.

Lakini lilikuwa gari la lami, na lami sisi tulikuwa nayo kipande tu mbele ya ofisi za serikali. Tumbo lake lilikaa chini mno. Barabara ya kwenda Fizi inafuata ukingo wa ziwa, na mito inaikata ikiteremka kutoka mlimani. Wabelgiji walipoondoka, daraja likichukuliwa na maji lilikuwa limechukuliwa, hakuna aliyekuja kulirudisha. Malori yalipita mtoni humo humo majini.

Mimba yangu ya kwanza uchungu ulinikuta kwetu Makobola. Mume wangu alikuja na gari anichukue, anipeleke kwenye materinite ya masere, hospitali ya uzazi ya watawa, huko Uvira. Tulipofika mtoni, gari likakalia jiwe. Magurudumu yalizunguka bure, tumbo limepanda juu, haliendi mbele wala nyuma. Wavuvi wakaja, kumi na zaidi, wakaingia majini, wakainua, wakasukuma, wakaimba. Wao wakiimba, mimi nilikuwa nazaa juu ya kile kiti chekundu. Alikuwa mtoto wa kiume. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo, na pale hapakuwa na mtu wa kujua la kufanya. Tulimzika Makobola siku ile ile.

Kwa hiyo mimba ya pili iliponishika, mwaka wa nne baada ya uhuru, hatukufurahi. Tuliogopa. Mimi nilihesabu miezi kwa vidole chini ya kitenge ili mtu asinione. Mume wangu naye alizunguka lile gari asubuhi na jioni, anainama, anapima kwa rula ya shule kutoka chini hadi kwenye tumbo lake, anatikisa kichwa. Siku moja akaniambia: "Nitaliinua. Safari hii mto hautanishinda."

Pale Kasenga palikuwa na fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji ya kampuni ya pamba. Macho yake yalikuwa mekundu wakati wote kwa moto wa karbidi, ule wa kuchomelea vyuma, na alisema polepole mpaka ukatamani kumsaidia. Kampuni ilipoondoka iliacha uani kamioneti moja, gari dogo la mizigo, isiyo na mashine, ila magurudumu yake manne yalikuwa mazima, makubwa, mapine ya meno mazito ya kupita matopeni. Mume wangu alitaka magurudumu yale yaingie kwenye gari letu. Fundi akacheka. Akasema matundu ya bulon, zile nati za kufungia gurudumu, hayalingani hata kwa dawa. Mume wangu akarudi kesho yake, na kesho kutwa yake, na siku ya tatu akamweleza habari ya mtoto wa Makobola. Fundi akasema: "Lete gari, mwalimu."

Nilikwenda kutazama kazi ile, ingawa hakuna aliyenialika. Fundi alichukua janti yetu ya zamani, chuma kinachobeba pine, akakata kitovu chake, ile bamba ya katikati yenye matundu, akakiingiza ndani ya janti kubwa ya kamioneti, akakichomelea mzunguko mzima. Manne yote. Kisha akachukua tindo na nyundo, akayakata magardebu ya mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu, maana pine mpya likikata kona lilisaga bati. Lo! Gari la mzungu, rangi ya maziwa, linakatwa masikio mchana kweupe. Aliongeza na springi chini. Lilipoteremshwa kutoka kwenye kriki ya kuinulia lilikuwa limesimama juu, miguu mirefu, uso mdogo, kama mbuzi aliyepandishwa juu ya meza. Watoto wa jirani walilipigia makofi. Mimi niliangalia zile alama za moto kwenye janti. Nikaona ni mahali pembamba mno pa kuwekea roho mbili.

"Zikiachia njiani?" nilimuuliza mume wangu tuliporudi nyumbani. "Mimi niende Makobola sasa, nikae kwa mama, nizalie huko kwa mkunga. Gari libaki na mwenyewe."

"Huendi Makobola. Gari sasa iko tayari."

"Gari lako!" nikasema. Mungu anisamehe, nilikuwa na ulimi ule. "Gari lako lilishanizalia maiti."

Akageuka polepole. Akasema: "Na aliyemnyonga ni gari ao ni tumbo lako?"

Basi. Baada ya neno lile hatukusemeshana tena.

Kwetu, aliyetoa neno baya ndiye anayetangulia kuomba radhi, na haji mikono mitupu. Anakuja na kuku, au kitenge, au hata ndizi mkungu mmoja, anaweka chini, halafu ndiyo anafungua kinywa. Shida ilikuwa kwamba neno baya tulikuwa tumetoa wote wawili. Yeye alisema nilianza mimi. Mimi nilisema lake ni zito zaidi. Wiki tatu tulizungumza kwa kupitia jogoo. Nilisema: "Weye jogoo, mwambie mwenye nyumba chakula iko mezani." Naye akajibu bila kuniangalia: "Jogoo, mwambie nimesikia." Jogoo mwenyewe alichoka.

Sasa sikiliza, maana kosa langu linaanzia hapa.

Fundi yule alikuwa na desturi yake. Kazi ikiisha, siku ya tatu alikuja nyumbani kwako kuaga gari. Ndivyo alivyoita mwenyewe. Alikuja na funguo zake kwenye kikapu, akakaza bulon upya moja baada ya nyingine, halafu akakupa maneno ya mwisho: hapa utie mafuta, pale usikimbize. Maneno yale aliyasema mara moja tu. Siku alipokuja kwetu mume wangu alikuwa shuleni. Shuleni alikwenda kwa miguu siku zile makusudi, apate kurudi akiwa amechelewa, ila Jumamosi alilipeleka gari mbali kulijaribu. Fundi akakaza bulon zake, akanawa mikono, akaja mpaka mlango wa jiko.

"Mama mwalimu," akasema, "mwambie mwalimu hivi. Kompta ya gari, ile ya kuhesabu kilometa, sasa itamudanganya. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko la zamani, lakini kompta haijui, inahesabu yale ya zamani. Kwa kila mia, aongeze kumi na tano. Asisahau, juu ya esanse."

Nilielewa. Sikuwa mjinga, nilisoma mpaka darasa la nne kwa masere. Sindano ya kuonyesha esanse, yaani petroli, katika gari lile ilikuwa imekufa tangu zamani. Mume wangu alijua kiasi kilichobaki kwa hesabu tu: tanki likijaa gari linatembea kilometa mia nne, basi aliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko namba ya kompta siku ya kujaza, na kila aliporudi safari alitoa, akaandika jibu. Alijivunia hesabu ile. Na tanki alikuwa amelijaza siku ile ile magurudumu yalipofungwa.

"Nitamwambia," nikasema.

"Sawa, mama." Akachukua kikapu chake, akaenda.

Na nilitaka kumwambia, Mungu ananiona, nilitaka. Lakini neno kama lile huwezi kumpa jogoo. Nikasema moyoni, acha aje kwanza. Aje na kuku wake, aniombe radhi kwa neno la tumbo, halafu nitamwambia: unaona, mimi ninayekunyongea watoto, ndiye ninayekutunzia esanse. Niliipanga ile sentensi. Niliionja mdomoni kila nikipika. Nilikaa nayo siku moja, mbili, wiki, mpaka ikawa ni yangu, sikutaka kuitoa kwa bei ndogo. Na hapo nyuma ya mlango chaki ikaendelea kuandika namba za uongo, nami nilifungua na kufunga mlango ule ule.

Kisha vita vikatufikia. Huko bondeni Ruzizi vijana walikuwa wamekwisha kuasi, wale walionyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie. Kila siku watu waliteremka na magodoro kichwani na habari mpya, na kila habari ilikula ile ya jana. Askari wa serikali walichukua esanse yote ya mjini, hata ile ya taa za kanisa. Daraja la mpakani likafungwa. Asubuhi moja nilikwenda materinite kupimwa, nikakuta mlango una kufuli na paka amelala kizingitini. Masere walikuwa wameondoka. Tumbo langu lilikuwa limeshateremka. Nilitikisa kufuli ile mara mbili, nikarudi nyumbani.

Kesho yake alfajiri milio ya bunduki ilisikika upande wa mlima. Mume wangu akaingia jikoni. Mkononi alishika kanga jike wa jirani, amefungwa miguu. Sijui alimpata wapi asubuhi ile. Akamweka chini. Akapiga magoti, mwalimu mzima, na suruali yake ya pasi.

"Nisamehe neno lile la tumbo," akasema. "Minye mwenyewe ndiye nilimpeleka mtoto mtoni. Kila siku namuona. Nisamehe, tupande gari, tusimpoteze na huyu."

Nikalia, naye akalia. Nikamwambia nimemsamehe, anisamehe na yeye. Hapo ndipo pangekuwa pahali pake, sivyo? Lakini bunduki zililia tena, karibu zaidi, na yeye akaruka kubeba godoro, na mimi nikatafuta nepi na sabuni na wembe mpya. Kanga tulimsahau pale chini akiwa amefungwa. Neno la fundi lilinitoka kichwani kabisa. Naapa, saa ile halikuwemo.

Lilirudi tulipotoka mjini. Tulikuwa tunakwenda hospitali ya misheni, kule juu kupita Kamanyola, palipobaki daktari. Kwenye bariere ya Kavimvira, kizuizi cha njiani mwisho wa mji, askari alimuuliza mume wangu kama ana esanse ya kumgawia. Mume wangu akacheka. "Ndugu yangu, minye natembea na hesabu. Kompta imetembea mia mbili na tisini tangu nijaze. Imebaki mia na kumi. Safari yangu ni tisini na tano. Ile kumi na tano ya juu nikupe, nitasukuma na nini?"

Kumi na tano. Aliposema kumi na tano, nikamsikia tena fundi kwenye mlango wa jiko.

Nilianza kupiga hesabu. Kwa mia, ongeza kumi na tano. Kwa mia mbili na tisini, ongeza arobaini na tatu na kitu. Basi tumeshatembea mia tatu thelathini na tatu. Mia nne ukitoa hizo, zimebaki sitini na saba. Nikarudia, labda nimekosea. Masere walinipiga sana kwa kutoa. Nikapata sitini na saba. Safari ni tisini na tano.

Wabelgiji walikuwa wamepanda mawe ya kilometa kando ya barabara ile, yenye namba nyeusi, yanahesabu kutoka Uvira. Sikuwahi kuyatazama maishani. Siku ile sikutazama kitu kingine. Jiwe lilisema ishirini, kompta ilikuwa imesogea kumi na saba na nusu. Fundi hakukosea. Mume wangu hakuyaona mawe, macho yake yalikuwa kwenye mashimo ya barabara na sikio lake kwenye magurudumu. "Unasikia?" aliniambia. "Hata halitetemeki. Yule fundi ni muntu wa maana sana." Tulivuka mto mmoja majini, gari likapita limeinua tumbo, halikugusa hata kokoto. Akapiga volan, usukani wake, kwa kiganja, akacheka kwa furaha. Muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Ningesema. Jiwe la ishirini na tano likapita. Nilijua kabisa kwamba mpaka jiwe la thelathini na tatu tungeweza kugeuka na esanse ikatutosha kurudi nyumbani. Lakini nyumbani kulikuwa na nini? Bunduki na kufuli. Na ningesemaje? Kwamba nilijua wiki tatu, nikaficha kwa ajili ya jogoo? Asubuhi ile ile mtu amekupigia magoti. Nilifungua kinywa, nikasema: "Punguza mwendo, tumbo linaniuma." Akapunguza. Nikaona thelathini, nikaona thelathini na moja. Nilishika mlango kwa mikono miwili. Labda fundi alisema kumi na tano kwa kujihami, labda ni tano tu. Labda tanki lina zaidi ya anavyojua. Thelathini na tatu ikapita, nyeupe, imesimama vizuri, na mbuzi amefungwa juu yake.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kuhesabu. Kwenye bariere ya waasi kijana mwenye majani kichwani alikuja kutupekua, akaliona tumbo langu, akaruka nyuma. Dawa yao ilimkataza kumgusa mwanamke, sembuse mwenye mimba. "Piteni! Piteni!" alipiga kelele, wala hakufungua buti. Mume wangu akasema mtoto ameanza kutusaidia kabla ya kuzaliwa. Mimi nilikuwa nimelowa jasho mpaka kiti. Jiwe la hamsini. Uchungu wa kweli ulinianza karibu na la hamsini na nne, nikaufunga ndani, nisimwongezee haraka.

Tulipokaribia Katogota gari lilikohoa. Likakohoa tena. Mume wangu akatazama kompta, akaigonga kwa kidole. "Bado hamsini na mbili," akasema. "Iko hamsini na mbili nzima." Gari likajiviringisha kidogo bila sauti, likasimama katikati ya mashamba ya pamba. Aliteremka, akafungua boneti, akapuliza mirija. Akafungua tanki, akaingiza fimbo. Ikatoka kavu. Aliishika ile fimbo akaitazama juu na chini, mwalimu aliyekosa hesabu mbele ya darasa. Mimi nikapiga yowe, uchungu haukufungika tena.

Aliwaita vijana wawili wa majani waliokuwa wamekaa chini ya mti, waje wasukume mpaka kijijini. Waliniona, wakakataa hata kulisogelea gari. Alisukuma peke yake. Yale mapine mazito ya kamioneti, mtu mmoja, jua la saa sita. Hatua kumi, gari likakataa. Ndipo akatokea mama mmoja wa Katogota, ana jembe begani, wenzake wote wamekimbilia mlimani. Akachungulia ndani, akasema: "Weye, mwanangu, hapa si pa kuzalia." Wakanishika huku na huku, wakanipeleka kwenye banda la kupimia pamba.

Nilizalia juu ya magunia. Sitasimulia yote. Mtoto alitoka na kamba shingoni, kama wa kwanza. Nilimwona mume wangu mlangoni anaiona ile kamba, akakaa chini kwenye vumbi, kichwa katikati ya magoti. Na mimi nilisema ndani yangu: huyu nimemuua mwenyewe, kwa mdomo uliofungwa. Yule mama hakubabaika. Aliingiza kidole, akaipitisha kamba juu ya kichwa mara moja, mara mbili, akamshika mtoto miguu, akampiga, akamnyonya pua kwa mdomo wake, akatema, akampiga tena. Nilihesabu. Nilifika kumi na tisa, mtoto akalia.

Binti yetu huyo ni bibi wa watu leo, na anaongea kuliko mimi.

Gari hatukurudi nalo. Tulikaa Katogota na milimani juu yake miezi mingi, na tuliposhuka tulikuta bodi tu, magurudumu yamekwenda. Ila kitu kimoja kilimkaa mume wangu rohoni. Alichora mavumbini duara dogo na duara kubwa, akakaa akiyatazama, mpaka siku moja akainuka akapiga paja: "Gurudumu! Kompta ilihesabu gurudumu la zamani! Minye mwalimu sikuona. Lakini fundi? Fundi si kazi yake? Angeniambia neno moja tu!" Nilikuwa nanyonyesha. Nikamgeuza mtoto titi la pili.

Vita vilipopoa tulirudi Uvira, na mume wangu akaanza kusimulia. Shuleni, kanisani baada ya misa, kwa kinyozi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameogopa sana, na hofu ikipona inatafuta wa kumlaumu. Watu wakaacha kumpelekea fundi kazi. Nani apeleke gari kwa mtu asiyesema hatari iliyopo? Banda lake likabaki na baiskeli mbili tatu.

Siku moja tulikutana naye njiani Kasenga, mkewe yuko pembeni na kikapu. Mume wangu akamsimamisha mbele ya watu. "Fundi, minye sikuchukii. Nataka jambo moja tu. Kwa nini hukuniambia habari ya kompta?"

Fundi akaniangalia na yale macho mekundu. Aliniangalia mimi, akamwangalia mtoto mgongoni mwangu, akarudi kwangu. Mkewe naye aliniangalia. Nikangoja, na kweli nilitaka aseme, ili yaishe.

"Nilisahau, mwalimu," akasema fundi. "Ni kosa yangu. Unisamehe."

"Nimekusamehe," akasema mume wangu, akampa mkono.

Sikulala vizuri juma zima. Jumamosi nilikwenda pwani ya ziwa mapema, nikachagua ndagala, wale dagaa wetu, wazuri, wakavu, wanaong'aa, nikajaza beseni langu la maua mpaka juu, nikalifunika kwa kitambaa cheupe. Sikumtuma mtu. Nilibeba mwenyewe mpaka kwa fundi. Yeye hakuwepo. Mkewe alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, nami nikaliweka beseni chini mbele yake. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yakakataa kutoka. Nikasema tu: "Ni ya watoto." Akaitikia kwa kichwa.

Kwetu beseni la mtu halirudi tupu. Ukiletewa samaki, unarudisha unga, au mihogo, au chumvi kidogo chini yake, ndiyo heshima. Siku ya tatu, kama desturi ya fundi ya kuaga gari, mkewe alikuja. Hakuita hodi. Aliliweka beseni kizingitini, kitambaa juu yake kimekunjwa vizuri, akaondoka.

"Nani huyo?" mume wangu akauliza kutoka ndani.

"Beseni limerudi."

"Wameweka nini?"

Nikafunua kitambaa. Ndagala wangu walikuwa mle mle, hata mmoja hakuguswa.

"Samaki," nikasema, nikaenda kuwasha moto.